Njia ya Kurudi Chini ya Bahari

Muuuuu.

Mlio ulitangulia mwanga. Ulikuwa mrefu na mzito, kama unatoka tumboni mwa mnyama asiye na haraka. Ulipita juu ya mapaa, ukatikisa kioo kilicholegea dirishani, ukafa. Zhenhai aliyabana macho yake kama mtoto anayedhani kwamba asipoamka, jambo halitakuwa kweli. Kimya. Halafu tena: muuuuu.

"Ng'ombe wa bahari huyo," Bibi Gong alisema kutoka jikoni. "Mwaka mzima anao, akachague leo."

Zhenhai alifumbua macho. Dirishani hapakuwa na kitu. Mlingoti wa umeme wa jirani haukuwepo, kamba za kuanikia nguo hazikuwepo, ghuba haikuwepo. Palikuwa na weupe mtupu, umegandamana na kioo kama pamba iliyoloa. Mji wote wa Qingdao ulikuwa umemezwa, na kilichobaki ni sauti ya ile honi ya kuongozea meli kule kwenye ncha ya Tuandao. Watu wa mtaa wa Xizhen hawaiiti honi. Huiita ng'ombe, na kila mtoto wa mtaa ule hukua akiamini kwamba chini ya maji kuna fahali aliyefungwa. Zhenhai alikuwa na miaka ishirini na tisa, kazi yake ni kufunga makontena kwa vyuma juu ya meli, mikono yake migumu kama kamba za nanga, na bado hajamwacha yule fahali moja kwa moja.

"Bibi, ni ukungu tu. Utaondoka."

"Ukungu ule nao waliniambia utaondoka."

Ukungu "ule" ulijulikana nyumbani kwao kama jina la ndugu. Siku baba yake alipokwenda kumchukua mama yake ng'ambo ya ghuba, walivuka kwa feri, wakakusudia kurudi kwa barabara inayozunguka ghuba. Maana msafara wa harusi haurudi kwa njia uliyoendea. Ukirudi nayo, umemwonyesha bibi harusi njia ya kurudi kwao. Ukungu ukashuka, muda ukabana, wazee wakasema liwalo na liwe, wakapanda feri ileile. Zhenhai hajatimiza miaka saba mama yake alifunga sanduku, akapanda feri hiyohiyo, akaenda zake. Sasa ameolewa mji wa Yantai. Kwa harusi ya leo ya Zhenhai ametuma mfarishi mwekundu. Baba alikwisha kufariki. Bibi ndiye aliyebaki, naye ndiye aliyemlea.

Bibi Gong alitoka jikoni, mikono imejaa unga. Alikuwa mfupi, na huwa haketi mpaka kila mtu ameshiba.

"Mnakwenda kwa njia gani?"

"Handaki, Bibi. Chini ya ghuba, kwa magari."

"Mnarudi?"

"Kwa daraja. Tumepanga tangu mwezi jana."

"Na daraja likifungwa?"

"Nitamleta." Damu ilimpanda kichwani upesi kama kawaida yake. "Hata kama ni kumbeba mgongoni, nitamleta kwa njia nyingine, na kabla ya saa sita mchana, kama mila inavyotaka. Nani atasema ukoo wetu wa Luan umeshindwa mara mbili?"

Bibi alimtazama kidogo, akamfinya pua kwa vidole vyenye unga, kisha akampangusa.

"Haya. Kula tambi."

*

Magari sita yenye riboni nyekundu yaliingia handakini, na ukungu ukakatika kama umekatwa kwa kisu. Aliyeendesha la mbele alikuwa Jiang, rafiki yake wa bandarini, ambaye hakuna anayemwita Jiang. Wote humwita Bonge. Upande wa pili wa ghuba ukungu ulikuwa ukiwangojea palepale, mnene zaidi, na Bonge akaendesha ametoa kichwa dirishani akiutukana kila mlingoti aliokutana nao.

Nyumbani kwa bibi harusi, Ruolan, wapambe walikuwa wamefunga mlango wa chumba na kuuegemea.

"Nani huko?" wakauliza kwa sauti za kujitia wazee.

"Bwana harusi!"

"Hatuna habari naye. Tumeagiza samaki."

"Fungueni, dada zangu, muda unakwenda!"

"Pitisha bahasha!" Bahasha nyekundu za pesa zikapita chini ya mlango. "Hizi ni za mlango. Sisi tunadai ya bibi harusi. Tunasikia wewe ni mtunga mashairi. Tunga!"

Bonge alicheka mpaka tai ikahama. "Mmejitafutia wenyewe! Huyu bandarini hutungia hata winchi."

Zhenhai aliweka kiganja juu ya mlango, akavuta pumzi, akaghani:

*Ukungu umenikwaza, bahari sasa sioni,*
*Njia nikaiuliza, nikafika mlangoni,*
*Wewe ni taa ya giza, usijifiche chumbani,*
*Fungua, nimemaliza, nikubebe mgongoni.*

Halafu sauti ya Ruolan mwenyewe, kavu, yenye kicheko kilichofichwa: "Mwisho umeharakisha. Umeishiwa?"

"Nimeishiwa na subira!"

"Mfungulieni, kabla hajaanza ubeti wa pili."

Ruolan alikuwa ameketi kitandani katika gauni jekundu lililotariziwa nyuzi za dhahabu, miguu imekunjwa, viatu vipya vyekundu havijawahi kugusa chini. Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma katika karakana ya meli; mkononi alikuwa na alama ndogondogo za cheche, na siku hiyo alikataa zipakwe poda. Zhenhai alimwona, na ubeti wa pili, ambao kweli alikuwa nao, ukampotea kichwani.

Ndipo Bonge akaingia, simu mkononi. Hakuwa anacheka.

"Kaka. Daraja limefungwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ukungu utakapopenda. Na barabara kuu ya kuzunguka ghuba nayo wameifunga. Feri haijatoka tangu asubuhi."

Wote wakageuka kumtazama Zhenhai. Nje, mbali, ng'ombe akalia.

Baba yake Ruolan, Mzee Xue, mpaka rangi wa meli aliyestaafu, mtu wa kupenda hoja kuliko chai, aliinua kidole. "Tulieni. Handaki lina mirija miwili. Wa kwendea mbali, wa kurudia mbali. Kati yake kuna mwamba. Sasa niambieni, hiyo ni njia moja au mbili? Mbili! Hamrudi mlikopita. Mnapita mrija mwingine kabisa."

"Baba mkwe, umesema!" Bonge akapiga makofi.

Zhenhai akampigia Bibi Gong, akamweleza jambo hilo taratibu, mwamba na yote. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Mwambie mzee mwenzangu namsalimu," akasema. "Na umuulize: kiatu cha kushoto na cha kulia ni jozi ngapi?"

Mzee Xue, aliyekuwa ametega sikio, alikuna kichwa. "Mwanamke huyu angekuwa jaji," akasema.

"Zhenhai," Bibi akaongeza, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo, "mimi najua vijana mnacheka. Chekeni. Lakini mimi ndiye niliyelala na mtoto wa miaka sita analilia feri. Sitaki kusikia tena."

Simu ikakatika. Zhenhai alisimama katikati ya chumba cha watu, shingo yake nyekundu kama riboni kifuani. Angeweza kumbishia mtu yeyote duniani, lakini mtoto huyo wa miaka sita hakuweza kumbishia, kwa sababu alimkumbuka.

"Treni," Ruolan alisema kutoka kitandani.

"Nini?"

"Treni ya chini ya ardhi. Nayo inapita chini ya ghuba, lakini katika handaki lake lenyewe, chini kabisa, mbali na la magari. Jozi nyingine ya viatu. Inatokea Xizhen, si mbali na kwenu."

Watu walitazamana. Bibi harusi katika treni ya watu wote! Shangazi mmoja akaanza kusema haijapata kuonekana. Kisha akakumbuka la muhimu zaidi: "Na miguu yake? Miguu haigusi ardhi mpaka kizingiti cha mume!"

Zhenhai alikuwa amekwisha kugeuka, ameinama mbele ya kitanda, mikono nyuma.

"Panda."

"Wewe mzima? Mimi si kifurushi cha tambi."

"Ubeti umesema mgongoni. Panda."

Ruolan akapanda. Gauni lote likapanda naye, na Zhenhai akatoa mguno ambao alijitahidi uonekane kikohozi.

Magari yangerudi kwa handaki, matupu. Bibi alipoulizwa alisema hana neno, magari hayaolewi. Likabaki suala la kuku wawili hai, jogoo na tembe, wenye nyuzi nyekundu miguuni, ambao bibi harusi huenda nao ili ndoa iishi. Treni haipakii kuku.

"Kuku nitawachukua mimi," Bonge alisema.

"Kwa njia ileile?" shangazi akashtuka.

"Mama, hawa kuku hawakuja kumchukua mtu. Wanakwenda tu. Kwao wao ni safari ya kwanza."

Kuku wakapanda gari la mbele, kwenye kiti cha bwana harusi.

*

Mlinzi wa kituo, dada mmoja mwenye kofia iliyomzidi kichwa, aliwaona wakija, akasimama taratibu kutoka kwenye kiti chake. Mwanamume wa suti, mwanamke wa dhahabu mgongoni mwake, wapambe wawili wamebeba mapindo ya gauni na mmoja kikapu.

"Begi lipite kwenye mashine," alisema kwa mazoea, na papo hapo akajionea haya.

Kikapu kikapita. Kiooni ikaonekana mikate ya mvuke ya harusi, mikubwa, yenye umbo la samaki, na ndani yake mbegu za kunazi zimepangwa kama uti wa mgongo. Dada yule alitazama, akamwita mwenzake aje aone. Kisha akachukua kile kifimbo cha kukagulia, akampitishia bibi harusi alipokuwa juu, na kila kibanio cha nywele kikalia.

"Silaha ngapi hizo?"

"Arobaini," Ruolan akasema. "Na ulimi."

"Ulimi umeruhusiwa. Pita, shemeji. Mzae mapacha!"

Wakashuka. Ngazi za umeme zilishuka, zikageuka, zikashuka tena, hewa ikawa baridi, harufu ya bahari ikaachwa juu pamoja na mchana. Mlango wa treni ulipofunguka, watu wa Jumamosi walikuwa wamejaa: wenye simu, wenye vikapu, wenye usingizi. Mmoja akainua macho. Halafu wawili. Halafu behewa lote likasogea, bila mtu kuamrisha, na katikati yake ikabaki nafasi ya duara kama ya kuchezea ngoma.

Bibi kizee akainuka kumpisha. Zhenhai akatikisa kichwa; akiketi, miguu ya Ruolan itagusa chini. Kando ya mlango alisimama mama mmoja wa makamo, buti za mpira, ananuka chumvi. Alikuwa ametoka kuuza kombe, na begani amebeba magunia matupu yaliyokunjwa. Alitoa gunia moja, akalitandika sakafuni.

"Mshushe hapo, mwanangu. Gunia si ardhi. Zamani ndivyo tulivyofanya."

"Asante, mama. Nitaweza."

"Treni inayumba."

"Meli pia huyumba, na kontena sijaliangusha."

Mama yule alilikunja gunia lake polepole. "Kiburi kina mgongo mzuri," akasema, kama anaongea na jirani yake. "Ila magoti yake sijui."

Watu wakacheka kidogo. Zhenhai alitanua miguu, treni ikaondoka.

Mwanzoni kulikuwa na taa za ukutani zikipita dirishani. Kisha zikakoma. Treni ikainamisha pua, ikaendelea kuinamisha, masikio yakaziba, na mlio wa magurudumu ukawa mzito kama mtu anayeongea akiwa ameingiza kichwa mtungini. Ruolan aliinama sikioni mwa mumewe.

"Tumeingia chini ya maji."

"Umejuaje?"

"Masikio. Na sasa hivi juu yetu ni mkondo wa meli kubwa."

Hakusema kwa sauti, lakini behewa lilikuwa kimya na kila mtu alisikia. Ruolan akainua uso akatazama dari. "Mimi nimetambaa matumboni mwao," akasema. "Ukiwa ndani ya tumbo la meli unachomelea, ni kama uko kwenye barabara iliyofunikwa; unapiga kelele, sauti inakwenda mpaka mwisho, inarudi ikiwa imezeeka. Nikawa najiuliza, meli hii ikitiwa maji, nani ataliona tena tumbo hili nililolishona? Hakuna. Ni samaki tu. Na leo mimi."

Watu wote walikuwa wamemfuata kwa macho. Wazee, wenye simu, wenye vikapu, watu waliopita hapo asubuhi na jioni kwa miaka wakisinzia, walikuwa wameinua nyuso kutazama dari ya chuma ya treni kana kwamba ni ya kioo. Na Zhenhai, shingo yake imepindishwa na uzito, aliinua macho naye.

Akaviona. Hakuona kwa macho, lakini aliviona. Kwanza mwamba. Juu ya mwamba tope, na ndani ya tope kombe wamelala vinywa wazi. Juu ya tope maji, maji, maji, ya kijani kibichi kisha meusi, na uzito wake wote umejilaza juu ya mgongo wa handaki bila kuvuja hata tone. Juu ya maji meli zimetia nanga, kubwa kama mitaa, haziendi popote, vipofu. Juu yao ukungu. Na ndani ya ukungu ile sauti ya ng'ombe, inayomfikia kila nahodha lakini haiwezi kushuka huku. Mahali fulani kati ya vyote hivyo, juu kabisa, ilipita ile njia ya feri. Mama yake alipita hapo akiwa na gauni jekundu, akapita tena akiwa na sanduku. Na yeye mwanawe alikuwa sasa anapita chini ya nyayo zake, chini ya sanduku, chini ya mtoto anayelia gatini. Chini ya jambo zima, amembeba mtu mgongoni.

Alipata kuona winchi za bandarini zikiinua nyumba za chuma kama vibiriti, na hakushangaa, ilikuwa kazi. Sasa vinyweleo vilimsimama. Watu walichimba hapa. Watu wenye majina, waliokula tambi asubuhi, walishuka wakatoboa jiwe chini ya bahari ili siku moja muuza kombe asichelewe nyumbani. Na hakuna aliyeimba habari zao.

"Mbona unatetemeka?" Ruolan akanong'ona.

"Siyo mgongo," akasema. Na ilikuwa kweli, wakati huo.

*

Ngazi za Xizhen zilipanda kana kwamba hazina nia ya kumaliza. Juu kabisa badala ya anga palikuwa na mdomo mweupe, na ukungu ulikuwa ukishuka kuingia kituoni kama mgeni asiyebisha hodi. Mlinzi wa kituo hiki akawapigia saluti. Walipotoka nje hawakuona barabara, hawakuona nyumba. Walisikia tu: viatu, pikipiki inayosukumwa, mtu akijikwaa na mfuko wake wa plastiki wa bia ya kupima na kuusemesha kama mtoto, "Tulia, tulia, tunafika." Na ng'ombe, karibu sana sasa, akilia mpaka kifuani.

Zhenhai alijua mtaa wake kama meno yake. Akapinda kulia, akapinda tena, akakutana na ukuta ambao hapo awali haukuwepo. Mpambe akatoa simu. Mshale kwenye ramani ukazunguka kama kuku aliyechinjwa.

"Tumepotea?" Ruolan akauliza.

"Siwezi kupotea Xizhen."

"Sikuuliza kama unaweza."

Wakasimama. Jasho lilimtiririka Zhenhai machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Ruolan akalifuta kwa ukingo wa mkono wa gauni, dhahabu ikamkwaruza. Ndipo wakasikia, kutoka juu, upande wa kushoto: ngaa. Ngaa. Ngaa. Shaba inapigwa kwa kijiko.

Ruolan alishtuka mgongoni mwake. "Beseni! Huko kwetu, zamani, kabla ya honi, wanawake walisimama ufuoni wakapiga mabeseni ili mashua zijue nyumbani ni wapi."

"Ni Bibi," Zhenhai akasema. "Yeye pia ni mtoto wa ufuo."

Wakaifuata sauti. Wakafika chini ya ngazi za mawe zinazopanda kwenda kwao, zile alizozipanda akiwa mtoto akiruka mbili mbili. Alipanda ya kwanza. Akapanda kumi. Magoti yakaanza kuongea. Akapanda nyingine, na goti la kulia likakunjika lenyewe, na wote wawili wakayumba, wapambe wakapiga ukelele.

"Nishushe," Ruolan alisema.

"Sikushushi."

"Zhenhai, nitavua viatu, nitashika ukuta..."

"Nimesema nitakuleta! Nimemwahidi. Mimi mwenyewe, mgongo huu. Waseme nini? Kwamba Luan alimfikisha mke nusu ngazi?"

"Waseme nani?" Ruolan akauliza polepole. "Hakuna mtu anayetuona. Kuna ukungu."

Zhenhai aliegemeza bega ukutani. Na nyuma yake, kutoka kwenye weupe, ikaja harufu ya chumvi, kisha buti za mpira.

"Haya," alisema mama muuza kombe, aliyeshuka kituo kilekile. "Meli yako imepanda fungu la mchanga?"

Zhenhai alifumba macho. Ilimgharimu kuliko ngazi zote. "Mama," akasema, "naomba gunia."

Hakumcheka. Alilikung'uta, akalitandika kwenye ngazi, na Ruolan akashuka, viatu vyekundu vikasimama juu ya gunia la kombe. Akatandika la pili ngazi ya juu. La tatu. Ruolan akapanda, na Zhenhai akainama, akaokota la nyuma, akampa mama yule, naye akalipeleka mbele. Gunia la nyuma linakuwa la mbele, kama mtoto anavyompokea mzazi. Lakini magunia yalikuwa machache, na ngazi ndefu, zenye kona nyingi.

Mama yule akajaza mapafu. "Enyi watu wa juu! Kuna bibi harusi ngazini! Leteni cha kukanyagia!"

Beseni likakoma. Dirisha likafunguka mahali fulani. Lingine. Mlango. Sauti zikaitana ndani ya ukungu bila nyuso: "Nani? Mjukuu wa Gong?" "Amefika?" "Kwa njia gani, jamani?" "Leta lile la unga!" "Lina unga!" "Mwaga!" Na kutoka weupeni mikono ikaanza kutokea, mikono tu: mkono na gunia la mchele, mkono na koti la kazi, mkono na taulo jekundu, mkono na zulia la mlangoni, mkono wenye bangili na kitambaa cha meza. Wengine wakakaa chini ya ngazi kuokota, wengine juu kutandika, na vitu vikapita kutoka mkono hadi mkono pembeni mwao kama ndoo za kuzimia moto. Ruolan alipanda akiwa ameshika bega la mumewe. Hakuna jirani aliyeonekana uso. Zhenhai alikulia miongoni mwao, alidhani anawajua wote, na sasa alipita katikati ya mikono yao bila hata ubeti.

"Ukichoka siku nyingine," Ruolan alisema, bila kumtazama, "utaniambia mapema?"

"Nitakuambia."

"Kabla ya goti?"

"Kabla ya goti."

Juu, mlangoni, Bibi Gong alisimama na beseni lake kifuani, kijiko mkononi kimepinda. Karibu yake Bonge na wale kuku wawili. Jogoo alikuwa ametulia kama mzee wa mtaa. Hakuna aliyekumbuka kutazama saa. Ruolan alivuka kizingiti kutoka juu ya koti la mtu asiyemjua, mguu wa kulia kwanza, akainama.

"Bibi."

Macho ya Bibi Gong yalikuwa kwa mjukuu.

"Mmepita wapi?"

"Chini ya bahari, Bibi. Chini ya meli. Chini ya ile njia ya feri."

Kizee yule aliweka beseni chini. Akapiga magoti kwa taabu, akaushika ukingo wa gauni la bibi harusi kwa vidole viwili, akausugua, akaunusa, kama anayechagua kitambaa sokoni. Akapapasa na mapindo ya nyuma.

"Ni mkavu," akasema kwa mshangao. Akainua uso wake, na kwa mara ya kwanza Zhenhai aliuona uso wa msichana aliyekuwapo humo kabla ya ukungu wote. "Bahari nzima juu yenu, na hata tone?"

"Hata tone, Bibi," Ruolan akasema.

"Tangu mama yako aondoke sijavuka maji haya." Alikuwa bado ameshika ukingo, macho kwa Zhenhai. "Na huko chini, mtu anasikia nini?"

Zhenhai alipiga magoti mbele yake, magoti yaleyale yaliyomsaliti, akaichukua mikono yake yenye unga.

"Siku ya tatu, kama mila, tunakwenda kuwaamkia wakwe kwao Ruolan, na wewe unakwenda nasi. Utasikia kwa masikio yako. Tutakwenda kwa chini, na ukungu ukiondoka tutarudi kwa juu, kwa daraja, uione ghuba yote. Njia mbili, Bibi, si jozi moja. Na safari hii sibebi peke yangu. Nakuahidi."